Dawati la Nyuma: shajara ya mradi wa kitabu cha kuchekesha, Busia

Januari, likizo inaisha

Tunatengeneza kitabu cha hadithi chenye picha, kilichoandikwa kama shajara ya mtoto wa darasa la tano hapa Busia, mji wa mpakani na Kenya, upande wa Uganda. Jina la muda ni *Dawati la Nyuma*. Mwenye shajara anaitwa Wandera, mtoto wa kubuni, mwenye umri wa miaka 11. Kitabu kitakuwa na kurasa 48 za ukubwa wa A5, kwa wino mweusi peke yake. Tunawalenga wasomaji wa darasa la nne hadi la sita.

Nimewachagua hao kwa sababu. Tangu 2007, mtaala wa Uganda unataka madarasa matatu ya mwanzo ya shule ya msingi yafundishwe kwa lugha ya eneo, la nne liwe la mpito, na kutoka hapo Kiingereza kishike usukani. Mtoto hufika la nne akiwa ndiyo kwanza ameanza kuonja utamu wa kusoma. Kitabu anachopewa baada ya hapo ni kile chenye maswali mwisho wa kila somo, naye anasoma ili ajibu. Mimi nataka kitabu ambacho mtoto atakificha chini ya dawati kwa sababu hawezi kusubiri mapumziko ajue kilichotokea.

Kwa nini Kiswahili? Kwa sababu ndicho kinachosikika hapa sokoni, kwenye foleni ya malori yanayosubiri kuvuka, kwa wabadilisha fedha na kwa watu wa bodaboda. Marekebisho ya katiba ya 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili ya Uganda. Julai 2022 Baraza la Mawaziri likapendekeza kifundishwe kwa lazima na kitahiniwe, msingi na sekondari. Nimefurahi, na ninafundisha somo hilo kwa moyo wote. Lakini kutahiniwa peke yake hakumfanyi mtoto akipende. Mtoto wa Busia anauza mandazi kwa Kiswahili, anagombana kwa Kiswahili, anatunga uongo kwa Kiswahili. Ni haki yake apate na kitabu cha kumchekesha kwa Kiswahili hicho.

Timu ni ndogo. Mimi naandika. Mchoraji ni kijana anayepaka mabango ya maduka na saluni mjini, mkono wake unajulikana mtaa mzima. Ananiita Mwalimu, nami namwita kaka. Wasomaji wetu wa majaribio ni watoto wanaokuja Jumamosi kusoma.

Wiki ya kufungua shule

Leo tumekubaliana kanuni ambayo kitabu kizima kitasimama juu yake: *picha isirudie maneno*. Wandera akisema jambo, picha iseme lililotokea kweli. Yeye hasemi uongo kwa ubaya. Anaandika usiku, peke yake, na kila mtu akiandika usiku peke yake hujikuta shujaa. Mkono wake unapochora, ukweli unamponyoka.

Tumeijaribu kwa sura ya kwanza, sura ya mahitaji. Kila mzazi Uganda anaijua karatasi ile ya mahitaji: ufagio, karatasi za choo, rimu ya karatasi, madaftari, na shule nyingine huongeza vyake.

> *Jumatatu. Shule imefunguliwa. Mama amenipa ufagio, roli mbili za karatasi za choo na nusu rimu. Nusu nyingine Baba ataleta akipata. Nimepanda bodaboda kwa heshima zangu zote, ufagio nimeushika kama mkuki wa chifu. Watu wote njiani wamenipungia mikono.*

Picha inashika kurasa mbili. Barabara nzima watu wamenyoosha mikono kweli, lakini ni ngumi: mama wa mchicha, mzee wa baiskeli, askari asiye na kofia. Kofia iko kwenye ufagio, pamoja na kitenge cha mtu na kuku mmoja. Wandera anatabasamu akitazama mbele.

Mchoraji aliongeza kitu ambacho sikukiandika: karatasi ya choo imekamata kwenye kioo cha bodaboda na inafunguka nyuma yao, ukurasa mzima, mpaka inatoka nje ya ukingo. Nimemwambia hapo kaka umeandika sentensi bora kuliko zangu zote za ukurasa huo. Kisha nikafuta aya iliyofuata, maana picha ilikuwa imeshamaliza kazi.

Februari

Tatizo la vichwa.

Katika vitabu vya picha vya namna hii, msomaji humtambua mhusika kwa nywele. Huyu ana kishungi, yule ana mikia miwili, basi. Shule nyingi za Uganda, wavulana na wasichana wote hunyoa. Sare ni moja. Kwa hiyo darasa la Wandera ni vichwa arobaini vya mviringo juu ya mashati arobaini yanayofanana, na mchoraji anatakiwa amfanye msomaji amjue Auma kwa kumtupia jicho.

Tulikaa na madaftari ya watoto wenyewe tuone wanavyochorana. Na hapo jibu lilikuwepo tangu zamani. Hawachori nywele. Wanachora masikio, meno, magoti, na wanachora vitu: soksi iliyoshuka, mfuko wa plastiki badala ya begi, sketi ya dada mkubwa inayofika kwenye kifundo cha mguu. Mtoto anamjua mwenzake kwa alichorithi kwa kaka au dada yake.

Basi Wandera ana masikio makubwa na kifungo kimoja cha shati kimepotea, kile cha pili kutoka juu, kila ukurasa. Auma ana pengo na sketi ndefu. Barasa ni mrefu kiasi kwamba kichwa chake kinakatwa na ukingo wa picha, hatumwoni macho kitabu kizima. Monita ana kalamu tatu mfukoni. Mchoraji ameandika yote haya kwenye karatasi moja na kuibandika ukutani, ili kifungo kisirudi kwa bahati mbaya ukurasa wa 30.

Jambo jingine tulilojifunza kwenye madaftari hayo: mkono wake ni msafi mno. Mtu anayepaka mabango amezoea mstari ulionyooka, na Wandera ni mtoto wa miaka 11 mwenye kalamu ya wino inayovuja. Sasa anachora kwa kalamu ya kawaida ya dukani juu ya karatasi ya daftari, haraka, bila penseli chini. Nyumba zina kuta lakini unaona ndani. Jua liko kwenye kona ya ukurasa. Uzuri wake ni kwamba hisia zimebaki: nyusi mbili fupi na mdomo wa mstari mmoja, na unajua kabisa Auma amekasirika.

Machi, mvua zimeanza

Sura ya kibao. Hii nimeifanyia kazi kuliko zote na nitaieleza kwa urefu.

Msomaji aliyesoma Uganda au Kenya hahitaji kuelezwa. Anayesikika akiongea lugha ya nyumbani shuleni huvishwa kibao shingoni, naye hukaa nacho mpaka amnase mwingine. Atakayelala nacho jioni anaadhibiwa. Kizazi baada ya kizazi kimepita hapo, na katika mji kama huu Kiswahili nacho kimewavisha watoto wengi kibao. Sasa serikali inasema kifundishwe. Mtoto anaweza kuvishwa kibao saa nne kwa neno lile lile analoulizwa saa tano kwenye kipindi.

Ningeweza kuandika insha ya hasira. Lakini mtoto wa darasa la tano hasomi insha ya hasira, na pia hakioni kibao kama sera. Anakiona kama mchezo mbaya wenye sheria, na akili yake yote iko kwenye kushinda. Kwa hiyo nimeifuata akili hiyo.

> *Jumatano. Kibao kimeanzia kwa Auma saa mbili asubuhi. Barasa amemkanyaga, Auma akasema "Aii!" Monita akasema "Aii" si Kiingereza. Auma akamwuliza basi kwa Kiingereza mtu akikanyagwa anasemaje. Alimwuliza kwa Kiswahili, kwa hiyo kibao kikabaki.*

> *Saa nne kimefika kwa Barasa. Saa sita kwangu, kwa ajili ya chumvi. Niliona posho, ule ugali wa shule, haina chumvi, nikasema. Ukweli umeniponza.*

> *Mchana wote nimetafuta wa kumpa. Wote wamenifahamu. Hakuna anayefungua mdomo. Madamu amesema hajawahi kuona darasa lenye nidhamu namna hii.*

Picha ya hapo ni darasa zima mikono midomoni. Mmoja anaomba ruhusa ya kwenda chooni kwa kuchora choo ubaoni. Wawili wanagombana kwa vidole. Barasa anaeleza jibu la hesabu kwa kucheza. Madamu mbele anafuta machozi ya furaha.

> *Saa kumi kasorobo nimempata. Yuko nje, nyuma ya jiko. Nimesimama karibu nikamsikiliza kwa makini. Hajasema neno moja la Kiingereza.*

Msomaji anafungua ukurasa: ni mbuzi wa hedimasta, na kibao kiko shingoni mwake, na uso wake umetulia kabisa.

Hapo sura inaisha. Mwenzangu mmoja wa kazi aliisoma akashauri mwisho wake Madamu atoe maneno ya kuwafundisha wasomaji kupenda lugha zao. Nimekataa. Mbuzi ameshasema. Mtoto akicheka hapo ameelewa kila kitu, na akielezwa baada ya kucheka tutakuwa tumemnyang'anya alichokipata mwenyewe.

Machi, bado

Kumbikumbi wametoka jana baada ya mvua na somo la Jumamosi likaishia hapo. Nimekaa na daftari nikaandika nilichokiona, na leo ni ukurasa mmoja wa kitabu: hedimasta anahutubia mstarini kuhusu utulivu, kumbikumbi wanapaa, Wandera anaandika kwamba "wanafunzi wote walibaki wametulia kama walivyoagizwa." Katika picha uwanja ni mtupu, watoto wako mbali na mabeseni, na wa mbele kabisa katika mbio hizo ni hedimasta, koti ameligeuza kuwa mfuko.

Maneno kumi na machache. Haihitaji zaidi.

Aprili

Sura ya mpaka. Wandera ana binamu, Nekesa, anayesoma upande wa Kenya, Gredi ya 5. Mwaka wao wa masomo huanza Januari, wetu huanza baadaye kidogo, na likizo hazilingani. Kwa watoto wa huku hilo ni jambo zito sana. Kuna siku unakwenda shule huku binamu yako amekaa juu ya ukuta anakula muwa na kukuaga.

Halafu kuna fedha. Shilingi moja ya Kenya hubadilishwa kwa zaidi ya 20 za Uganda, na kila mtoto wa Busia hujifunza hivyo kwa uchungu kabla hajafundishwa darasani.

> *Nimevuka na elfu mbili. Kwetu ukiwa na elfu mbili unaitwa Bwana Wandera. Mbadilisha fedha amenihesabia sabini. Nimemwuliza sifuri zangu ziko wapi. Amesema haziruhusiwi kuvuka.*

Mchoraji amemweka Wandera magotini chini ya kiti cha mbadilisha fedha, anazitafuta sifuri, na kweli zipo, tatu, zimekaa zinamwangalia.

Suala la lugha limejitokeza hapa kwa nguvu, kwa sababu Nekesa na Wandera hawaongei sawa. Nekesa akisema omena, Wandera anasema mukene, ni dagaa wale wale, na wote wanakula sahani moja. Mchezo wa kukwepa mpira Wandera anauita kwepena, Nekesa anauita kati. Nimeamua hivi: Wandera anapoandika, anaandika Kiswahili cha kawaida kinachosomeka kutoka hapa hadi Dodoma, sentensi fupi, ngeli ziko sawa, kwa sababu ni mtoto anayejaribu kuandika vizuri. Watu wanapoongea ndani ya viputo, waongee wanavyoongea. Mama wa chapati anasema "hiyo vitu yote ni yangu" na haendi kusahihishwa na mtu. Na hakuna orodha ya maana ya maneno mwishoni mwa kitabu. Picha ya sahani ya mukene inatosha.

Mei, likizo

Jaribio la kwanza la kusoma na watoto, sura nne zikiwa zimechapwa kwenye karatasi na kushonwa kwa uzi.

Nilikaa pembeni na nakala yangu na penseli, nikiweka alama kila walipocheka. Hakuna kipimo kingine ninachokiamini kwa kitabu cha kuchekesha. Watu wazima husoma na kusema "inachekesha" bila kucheka.

Kitu cha kwanza kilichoonekana: kitabu kimoja husomwa na watoto watatu au wanne kwa pamoja. Mmoja ameshika, wengine wanachungulia kutoka pembeni, na mmoja amesimama mbele anakiona juu chini. Aliyeshika anasoma kwa sauti. Wengine hawasomi, wanatazama picha. Kwa hiyo kama picha ya mbuzi iko ukurasa ule ule wenye maneno ya kumtafuta mbuzi, wanaochungulia hucheka kabla msomaji hajafika, naye huachwa nyuma na kukasirika. Tumepanga upya kurasa zote: jambo linajengwa mpaka mstari wa mwisho wa ukurasa wa kulia, na kichekesho kinakaa nyuma yake. Ni mkono wa mtoto unaokifichua. Sasa wale wanaochungulia wanapiga kelele "Fungua! Fungua!" na msomaji anachelewesha makusudi, kwa sababu ana mamlaka.

Kwa ajili ya yule aliyesimama mbele, mchoraji ameziongeza ukubwa picha za kurasa mbilimbili na kuweka vitu vidogo vinavyosomeka kutoka juu pia. Ukurasa wa darasa la kimya una mtoto anayening'inia dirishani kichwa chini. Yule aliyesimama mbele ndiye pekee anayemwona sawasawa. Alipomgundua alicheka peke yake, na wenzake wakakigeuza kitabu kumfuata.

Kitu cha pili ni swali. Msichana mmoja, msomaji mzuri, aliuliza: "Madamu, mbona Wandera hapigwi?"

Wengine wakanyamaza wakinisubiri.

Katika rasimu yetu Wandera akikosea anafyeka nyasi, au anachota maji kwa mtungi wa plastiki. Niliamua hivyo tangu mwanzo kwa sababu kiboko hakina nafasi katika kitabu cha kuchekesha. Sheria ya watoto ilivyorekebishwa 2016 inakataza adhabu ya viboko shuleni Uganda, na hata isingekataza, siwezi kuchora mtoto anapigwa ili mtoto mwingine acheke. Vichekesho vya zamani vilifanya hivyo sana: fimbo, nyota kichwani, machozi ya matone makubwa. Watoto hucheka, ndiyo. Hucheka kwa sababu safari hii si wao.

Lakini swali la yule msichana lilikuwa la haki. Yeye anaijua sheria kwa namna nyingine kabisa. Kama shajara ya Wandera haina siku hata moja ya namna hiyo, basi Wandera si wa shule anayoijua, na kila kitu kingine alichokiamini kwenye kitabu kinapungua uzito.

Tulizungumza na mchoraji mpaka jioni. Alisema jambo ambalo sikulitegemea: "Mwalimu, siku hiyo Wandera asichore." Ndivyo tulivyofanya. Ukurasa wa 37 una tarehe na mistari miwili.

> *Alhamisi. Leo sichori.*
>
> *Auma amenipa nusu ya chapati yake na hakuniuliza kitu.*

Chini yake mistari ya daftari ni mitupu mpaka mwisho wa ukurasa. Ndiyo nafasi pekee katika kurasa 48 isiyo na picha. Kesho yake, Ijumaa, Wandera anachora tena: ni kuhusu ukoko wa posho na vita ya nani atakwangua sufuria, na ni moja ya sura za kuchekesha kuliko zote. Nimeiweka hapo kwa makusudi. Watoto wana Ijumaa zao hata baada ya Alhamisi kama hizo.

Nilimwonyesha yule msichana ukurasa huo Jumamosi iliyofuata. Aliusoma, akarudi akausoma tena, kisha akafungua Ijumaa.

Juni, muhula wa pili

Kazi ya upangaji wa kurasa. Nitaandika kwa kifupi, kwa ajili ya wengine wanaotaka kujaribu kitu kama hiki.

Maneno: tulitaka fonti inayofanana na mwandiko wa mtoto. Nyingi zilizoko bure kwenye intaneti zinapendeza kwa mstari mmoja na zinachosha macho kwa ukurasa mzima, tena kwenye nyingi zake ile alama ya ng' imekaa mbali na g, mpaka ng'ombe anakuwa vitu viwili. Maandishi ya kawaida tumeyaweka kwa Andika, fonti ya bure iliyotengenezwa na SIL, shirika la mambo ya lugha, kwa ajili ya wanaojifunza kusoma. Herufi zake hazichanganyi macho, na ng' yake imekaa vizuri. Vichwa vya siku na maneno ndani ya viputo mchoraji ameyaandika kwa mkono wake.

Kukata maneno mwisho wa mstari: programu hazijui Kiswahili, zinakata popote. Tumekata wenyewe, kila mara baada ya irabu, ili mtoto anayesoma kwa silabi asikwame. *Alipomka-nyaga* inasomeka. Na kiputo kikiwa kidogo, badilisha sentensi. Usilipunguze neno mpaka lisisomeke.

Picha: tumeziskani kwa nukta 600 kwa inchi, nyeusi na nyeupe tupu, bila kijivu. Usafi tumeufanya kwenye Krita, kurasa tumezipanga kwenye Scribus. Zote mbili ni programu za bure.

Uchapaji: kurasa 48 ni karatasi 12 za A4 zikikunjwa katikati na kupigwa pini mbili mgongoni. Kurasa za ndani tutazichapa kwa risografu, mashine ile ile ambayo shule nyingi huchapia mitihani. Ni nafuu ikiwa nakala ni nyingi. Lakini ina tabia zake: wino wake haukauki kabisa, na sehemu kubwa iliyojaa weusi hutoka na mabaka kisha hupaka vidole. Mchoraji alikuwa na usiku mmoja mweusi wote, sura ya bweni la binamu. Ameugeuza kuwa mistari ya kalamu iliyopishana, na naona umekuwa usiku mzuri zaidi, una hewa. Karatasi tumechagua ya gramu 80, maana kwenye ya gramu 70 picha za nyuma zilikuwa zinaonekana mbele, na kichekesho kinachosubiri nyuma ya ukurasa kisionekane kabla ya wakati wake. Jalada la rangi litatoka Kampala, Nasser Road, mtaa wa wapiga chapa, kwenye karatasi nene.

Na jambo moja ninalolipenda: ukubwa huu wa A5 ni ule ule wa daftari dogo. Kinaingia ndani ya daftari la hesabu bila kutokeza.

Julai

Tarehe 7, Siku ya Kiswahili Duniani. UNESCO ilipitisha siku hii Novemba 2021, na mwaka uliofuata ikaadhimishwa kwa mara ya kwanza. Kwa kawaida siku hii huwa na hotuba na mashairi ya kusifu lugha, na mashairi nayapenda. Sisi tuliomba nafasi ya kusoma sura moja. Watoto walichagua wenyewe ya kibao, wakaigawana: mmoja Wandera, mmoja Auma, mmoja monita. Waliobaki walikuwa darasa la kimya, nao hawakuwa na neno hata moja la kusema jukwaani, na ndio walioangusha ukumbi. Walimu walicheka. Wazazi walicheka zaidi, hasa wa umri wangu, wale wanaokumbuka uzito wa kibao chenyewe. Mzee mmoja alinifuata baadaye akanishika mkono kwa mikono miwili, akasema, "Mwanangu, mimi nililala nacho mara nyingi. Huyo mbuzi nampenda sana."

Baba wa mtoto mmoja alitaka kujua kama kitabu kitamsaidia mwanawe kufaulu. Nilimjibu kwamba mtoto anayesoma kurasa 48 bila kulazimishwa atasoma na nyingine, na kwamba sijaweka swali hata moja ndani yake. Alinunua nakala kabla haijachapwa.

Tulipo leo: sura tisa zimekamilika, kurasa zimepangwa, makosa ya herufi yamepitiwa na macho ya watu wawili wasiojuana. Faili la sura hizo liko tayari kwenda kwa mpiga chapa.

Imebaki sura moja, ya siku ya wazazi. Kukhu, bibi yake Wandera, anakuja shuleni kutoka kijijini na kuku kwenye kikapu. Wandera anaandika kwamba "Kukhu alimsalimia hedimasta kwa adabu na kumkabidhi zawadi." Mchoraji ametoa picha mbili. Katika ya kwanza kuku ni mzima, amefunguka, na hedimasta yuko juu ya meza. Katika ya pili kuku ameshapikwa na harufu yake imelivuta darasa zima kupitia dirishani, mguu mmoja ndani mmoja nje, monita akiwa wa kwanza. Mchoraji anang'ang'ania kuku mzima. Mimi nampenda monita dirishani, kwa sababu kitabu kizima hajawahi kuvunja sheria. Tutazibandika zote mbili ukutani Jumamosi, tusiseme kitu, nami nitakaa pembeni na penseli yangu.